Makumbusho ya Livingstone, Ujiji: maswali ambayo wageni hawaachi kuuliza

Kila ndugu, rafiki au mwalimu anayeshuka treni Kigoma huishia kuniomba nimpeleke Ujiji "kwa Livingstone". Maswali njiani ni yale yale, na wakati wa kutoka ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa, kuanzia ya mtu asiyejua chochote hadi ya wale wanaotaka kubishana. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine nitakuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Makumbusho haya yanahusu nini hasa?

Ni eneo la kumbukumbu lililopo Ujiji, mahali ambapo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alimkuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, mwaka 1871. Kuna mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika na msalaba juu yake, kuna miembe, na kuna jengo la maonyesho. Ndani ya jengo ndimo zilimo sanamu kubwa za rangi za watu hao wawili wakisalimiana, pamoja na michoro ya msanii wa hapa hapa yenye maelezo, inayosimulia maisha ya Livingstone Ujiji.

Watu wengi hudhani wataona vitu vya kale vilivyofungiwa kwenye makabati ya vioo, wakitoka wanasema kilichowakaa moyoni ni zile sanamu. Nami huenda kwa ajili ya hizo kwanza.

Ni makubwa kiasi gani? Nitahitaji siku nzima?

Hapana. Ukipita bila kusimama, nusu saa inakutosha, na utakuwa hukuona kitu. Tenga saa moja na nusu hadi mbili, kisha uongeze muda wa kuteremka ziwani (tazama swali la ziwa). Vitu si vingi, ila kila kimoja kina hadithi ndefu, na hadithi hiyo haijaandikwa yote ukutani.

Nafikaje?

Ujiji iko kusini mwa mji wa Kigoma, kilomita chache tu, ndani ya manispaa moja ya Kigoma Ujiji. Daladala zinapita Mwanga, mtaa wa hapa Kigoma mjini, kwenda Ujiji mchana kutwa. Ukipanda bajaji au bodaboda, sema "makumbusho ya Livingstone" na mpatane bei kabla hujakaa. Ukitumia daladala, mwambie kondakta mapema unakoshuka, kisha utembee kidogo kuelekea upande wa ziwa. Ukipotea, muulize mtu mzima yeyote. Anza na shikamoo, maana Ujiji ni mji wa watu wa adabu ya zamani, na ukiamkia vizuri unaweza kusindikizwa hadi getini.

Kutoka mbali, kuna ndege na mabasi. Mimi bado napendekeza treni ya reli ya kati angalau kwa safari moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni takribani kilomita 1,250, na reli hiyo, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, inafuata kwa sehemu kubwa upande ule ule ambao misafara ya miguu ilipita. Ukikaa dirishani na kuona Uvinza, Kaliua, Tabora, Manyoni zikipita, unaanza kuelewa neno "kutembea" lilikuwa na uzito gani. Ratiba hubadilika, ulizia stesheni kabla hujafunga mizigo.

Kiingilio ni kiasi gani?

Kuna viwango tofauti kwa raia na kwa wageni kutoka nje, na kwa wanafunzi na watu wazima. Viwango hubadilika, kwa hiyo sitaandika namba itakayokuangusha getini. Chukua kitambulisho, na kwa wanafunzi barua ya shule. Uwe na salio kwenye simu pia, kwa kuwa ada za serikali siku hizi hulipwa kwa kumbukumbu namba, na mtandao ukisumbua utasubiri.

Niende saa ngapi, msimu gani?

Asubuhi. Jua la Ujiji saa saba mchana halina huruma, na nusu ya ziara hii iko nje. Mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Njia ni mbichi, lakini ndio wakati wa maembe, na kusimama chini ya miembe ile ikiwa imebeba ni raha ya pekee. Siku ya Ijumaa panga uwe umemaliza kabla ya adhuhuri, kwa sababu sehemu kubwa ya mji ni Waislamu na saa ya swala shughuli nyingi husimama.

## Sanamu na michoro

Sanamu zimetengenezwa kwa kitu gani? Ni saruji?

Ni karatasi. Ukiwa mbali unaona watu wawili wakubwa kuliko binadamu wa kawaida, kofia zao mikononi, na unadhani ni saruji au mti. Ukisogea unaona ni ganda la karatasi lililopakwa rangi.

Kazi ya namna hii huanza na kiunzi. Karatasi huchanwa vipande, hulowekwa, hupakwa gundi (gundi ya kawaida, hata uji mzito wa unga hufaa), halafu hubandikwa tabaka juu ya tabaka huku kila tabaka likingoja kukauka. Ganda likishakuwa gumu hupigwa msasa na kupakwa rangi. Kazi hiyo inadai subira ya mtu anayejua kungoja.

Kuna jambo ambalo kila mara linanigusa hapa. Mwaka huo huo wa 1871, akiwa Nyangwe upande wa Manyema, ng'ambo ya ziwa katika Kongo ya leo, Livingstone aliishiwa karatasi. Akachukua gazeti la zamani na kuandika kumbukumbu zake juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kwa matunda ya porini. Maandishi hayo yalififia kabisa, na ilibidi wataalamu watumie kamera za mianga maalumu, zaidi ya miaka 130 baadaye, ili yasomeke. Kwa hiyo mtu aliyeandika maumivu yake juu ya gazeti kuukuu amesimama Ujiji akiwa ameumbwa kwa karatasi. Sidhani kama fundi alilikusudia hilo, lakini hakuna shaba ambayo ingemfaa zaidi.

Mbona sura hazifanani na picha za vitabuni?

Wageni kutoka Dar es Salaam huliuliza hili wakitabasamu kidogo, nami huwajibu bila kutabasamu. Fundi hakuwa akitengeneza picha ya kitambulisho. Alichokitaka ni ile nukta moja, watu wawili waliochoka wanavuliana kofia mbele ya umati. Macho ni makubwa, mabega yamekakamaa, miguu imesimama kama nguzo. Ndivyo mtu wa hapa alivyolisikia tukio hili na kulirithi, na mkono wa hapa ndio ulioliumba. Ukitaka picha halisi ya uso wa Livingstone, vitabu vimejaa.

Rangi za nguo ni za kubuni?

Hapa fanya zoezi, ni tamu. Stanley alieleza mavazi ya siku ile. Livingstone alikuwa na kofia ya buluu yenye utepe wa dhahabu uliochujuka, fulana yenye mikono myekundu, na suruali ya kijivu. Yeye mwenyewe Stanley, kabla ya kuingia mjini, aliagiza suti mpya ya flaneli itolewe, viatu vipakwe mafuta na kofia yake ngumu ipakwe chokaa. Alijua anakwenda kuonekana. Sasa simama mbele ya sanamu, mtazame kila mmoja toka kichwani hadi miguuni, uone fundi alifuata wapi na alichagua mwenyewe wapi. Wanafunzi wakipewa zoezi hili hukaa chumbani saa nzima bila kelele.

Naruhusiwa kugusa na kupiga picha?

Kugusa, hapana. Karatasi ina maadui wengi: unyevu, panya, mchwa, na jasho la vidole vya watu wengi. Mkono mmoja haufanyi kitu, mikono elfu huondoa pua. Kupiga picha, omba kwanza kwa mwongoza wageni. Usitumie taa ya kamera karibu na michoro, na usimpige picha mtu wa mtaani bila kumuomba.

Nianzie wapi, sanamu au michoro?

Michoro kwanza. Ukianza na sanamu utaona mwisho wa hadithi kabla ya mwanzo wake. Soma maelezo ya chini polepole, hata kama mwongozaji anakusimulia, kwa kuwa mara nyingine mchoraji ameweka pembeni ya picha kitu ambacho maelezo hayakukitaja.

Mbona wamesimama Wazungu wawili tu? Watu wengine walikuwa wapi?

Hili ndilo swali ninalolingojea kila ziara, na mara nyingi huulizwa na mtoto.

Walikuwepo, na walikuwa wengi. Stanley alitoka Bagamoyo na wapagazi na askari karibu mia mbili, kwa makundi. Alipoikaribia Ujiji na bunduki zikapigwa kwa salamu, mtu wa kwanza kumsalimia kwa Kiingereza hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyekimbia nje ya mji kumlaki, na baada yake mwenzake Chuma. Jikoni alikuwepo Halima, mpishi, ambaye kwa maelezo ya Stanley mwenyewe alihangaika kwa furaha na wasiwasi: chakula kitatosha? Mzee atakula sasa? Hiyo ni Ujiji kabisa. Mgeni akiingia, jiko ndilo linalopata habari kwanza.

Na Chuma na Susi ndio waliomaliza hadithi. Livingstone alipofariki tarehe 1 Mei 1873 kwa chifu Chitambo, katika Zambia ya leo, wenzake walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili na kuubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, safari ya miezi tisa hivi. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, mwezi Oktoba, walimkuta Mwingereza Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone, naye akashauri wazike pale pale. Wakakataa. Mbele ya safari, njia ilipokuwa ngumu, waliufunga mwili uonekane kama robota la kitambaa ili upite. Mtu ambaye maisha yake yote yalibebwa na wapagazi alitoka Afrika akiwa mzigo begani mwao.

Ndiyo maana kila ninayempeleka humwambia: ukishawatazama wale wawili wa karatasi, rudi nyuma hatua tatu, uache nafasi kuwazunguka, umweke Susi upande wa mlango, Halima nyuma, na umati wa Ujiji kote. Natamani siku moja fundi wa hapa apewe karatasi na gundi za kutosha awaongeze.

## Mambo yanayobishaniwa

Huu ni mwembe wenyewe?

Hapana, mwembe wenyewe haupo tena. Hata maandishi ya kwenye mnara yanasema mwembe ambao "wakati ule" ulisimama hapo. Miembe mikubwa unayoiona inaelezwa kuwa ni uzao wa ule wa mwanzo. Wazee husimulia kwamba miembe iliyopangana kutoka Ujiji hadi Tabora na kuendelea pwani iliota kwa kokwa za watu wa misafara, walio huru na waliofungwa. Ukiwa na muda, kaa kivulini ukiwa na hilo kichwani.

Livingstone amezikwa hapa?

Hapana. Moyo uko Zambia, na mwili ulizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Safari ya kati nimeieleza kwenye swali la watu wengine walikuwa wapi.

Wanasema walikutana karibu na maji. Mbona ziwa liko mbali?

Kwa sababu ziwa lilihama. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio mlango wa maji ya Ziwa Tanganyika kutoka, na miaka ile mlango huo ulikuwa umezibika kwa mchanga na majani. Maji yakawa yanapanda. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 alikuta ziwa limeinuka kuliko alivyoliacha. Mnamo 1878 hivi kizuizi kikavunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka takribani mita kumi. Kwenye ufuko ulioinama kidogo kama wa Ujiji, mita kumi za kina ni mwendo mrefu wa nchi kavu.

Basi usiondoke bila kuteremka hadi ufukweni. Utawakuta mafundi wakiunda boti za mbao kwa mikono, wengine wakianika dagaa. Ziwa hili lina kina cha takribani mita 1,470 na urefu wa karibu kilomita 670, na ukilitazama kutoka Ujiji milima ya Kongo huonekana siku zisizo na ukungu. Ni huko ng'ambo ndiko misafara ya Manyema ilikotokea.

Ni tarehe 10 Novemba au mwishoni mwa Oktoba?

Mnara unasema 10 Novemba 1871, ambayo ndiyo tarehe ya Stanley. Hesabu ya Livingstone inaangukia mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili waliugua homa njiani na kupoteza siku kadhaa. Mwanafunzi akiulizwa kwenye mtihani aandike ile ya mnara.

Ni kweli Stanley alisema "Daktari Livingstone, nadhani"?

Aliyaandika yeye. Kwenye shajara yake kurasa za siku hiyo zimechanwa, na Livingstone hakuyaandika. Wanahistoria kadhaa wanaamini aliyatunga baadaye. Salamu ya Susi haina sifa kama hiyo, nami naiamini zaidi.

Livingstone alikuwa amepotea kweli?

Watu wa Ujiji walijua alipo. Alifika hapa mara ya kwanza Machi 1869, akaenda Manyema, akarudi Oktoba 1871 akiwa mgonjwa na mnyonge, akakuta bidhaa alizotumiwa zimeuzwa na aliyekabidhiwa. Barua zake ndizo zilizokuwa hazifiki. Alipotea kwa London na New York. Hapa alikuwa mzee mgonjwa anayeishi mtaa wa pili.

Makumbusho yanazungumzia utumwa?

Yanazungumzia, na ni vizuri uje ukiwa tayari. Ujiji ilikuwa soko la pembe za ndovu na la watu. Waliokamatwa Manyema walivushwa ziwa, wakapita hapa, Tabora, hadi Bagamoyo. Julai 1871 Livingstone alishuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe, na ndiyo habari aliyoiandika juu ya lile gazeti. Maandishi yake yalichochea Uingereza kubana biashara hiyo, na soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, mwezi mmoja baada ya kifo chake.

Lakini usimfanye malaika. Aliishi kwa wema wa wafanyabiashara wale wale, walimuuguza na kumlisha. Na uzao wa waliovushwa na wa waliovusha wanaishi leo mtaa mmoja, wanaoana. Uliza maswali yako kwa sauti ya chini. Usimuulize mtu asili ya ukoo wake barabarani.

## Hali za pekee

Ninakuja na wanafunzi sitini.

Toa taarifa mapema na wagawe makundi matatu: moja ndani, moja mnarani, moja ufukweni, kisha wabadilishane. Chumba cha sanamu hakibebi sitini, na karatasi hazibebi sitini pia.

Nina mzazi mwenye magoti mabaya.

Atamudu. Mshushe karibu na geti, muombee kiti kivulini mnarani, na mwongozaji aanzie hapo. Njia ya ufukweni ndiyo yenye tabu, hasa baada ya mvua.

Treni yangu inaondoka leo jioni. Niende?

Nenda asubuhi, rudi mjini kabla ya saa nane. Ukila Ujiji, tafuta mgebuka au dagaa waliopikwa kwa mawese, na ugali wa muhogo. Usijaribu kubana ziara na chakula ndani ya saa moja.

Ninapitia Tabora pia. Kuna kitu cha kuendeleza hadithi hii?

Kipo, na watu wengi hukiruka. Nje kidogo ya Tabora, kijijini Kwihara, kuna tembe lililojengwa upya kwa mfano wa lile ambalo Stanley na Livingstone walifikia Februari 1872, baada ya kuzunguka kaskazini ya ziwa na kuona kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani na hautoki. Waliagana tarehe 14 Machi 1872. Livingstone alibaki hadi 25 Agosti akingoja wapagazi ambao Stanley aliwatuma kutoka pwani.

Hapo hakuna sanamu za karatasi za kukulaki. Kuna kuta nene za udongo, dari ya chini, mlango wa nakshi, na kimya. Ni hapo hapo Kwihara, ndani ya Unyanyembe, ambapo, Oktoba 1873, Chuma na Susi walikataa kumzika. Kodi bodaboda ya kwenda na kurudi, mwambie dereva akusubiri, na ukifika ukakuta pamefungwa, uliza nyumba za jirani aliko mtunza funguo.